Kreni Haisikilizi Mikono Miwili

Mpwa wangu alizaliwa mrefu. Mkunga alitoa kichwa na mabega, akapumzika, akanywa chai, kisha akarudi kumalizia miguu. Dada yangu, ambaye ndiye mama mwenyewe na ndiye aliyekuwa kazini siku hiyo, anaikana habari ya chai, lakini urefu hawezi kuukana, maana binti yuko hapa na kila mlango wa nyumba una alama ya paji lake la uso. Shuleni wakamwita Twiga na jina likamkaa. Alipoajiriwa kuendesha kreni, ile mashine ya mnara inayonyanyua nondo na zege hadi juu ya majengo, hakuna aliyeshangaa. Wengine hupanda kazini wakapanda vichwa. Yeye alipanda akafika tu mahali pa urefu wake.

Mimi kabla ya kustaafu nilikuwa mpiga ishara, yaani yule anayesimama chini na kumwelekeza dereva wa kreni kwa mikono: pandisha, shusha, zungusha, simama. Nilifanya kazi na dereva aliyekuwa akishuka jioni nywele zimelowa mawingu, hali huku chini tunalia ukame. Siku moja nilimwelekeza akatua piano juu ya yai na yai lisipasuke. Baadaye likaanguliwa, na kifaranga kikawa na sauti nzuri ajabu. Watu husema natia chumvi. Kweli, nimeila nyingi katika maisha yangu, na iliyobaki sikuona haja ya kuitupa.

Haya ya Twiga lakini siyatii chochote. Yamekolea yenyewe.

Tatizo lilianza na redio. Zamani zetu kreni ilisikiliza mkono mmoja tu. Hata mwenye jengo akija na suti yake, akitaka tofali lisogee, alimwambia mpiga ishara, na mpiga ishara akamwambia dereva. Mtu mwingine yeyote aliruhusiwa jambo moja tu, kusema simama. Kwenye jengo la Twiga wakaona hayo ni mambo ya kizamani. Wakaweka redio ya mkononi kule juu kwenye kebini yake, na chini kila msimamizi akapewa ya kwake: wa nondo, wa zege, wa mbao, wa stoo. Na juu ya wote meneja wa mradi, ambaye mafundi walimpa jina la Chapuchapu kwa sababu neno hilo lilimtoka kabla ya salamu. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakuuliza baraka inaletwa lini na kwa lori lipi.

Basi binti wa watu akawa anakaa juu peke yake, na kila msimamizi yumo sikioni mwake. Huyu anataka ndoo ya zege, yule anasema iache ndoo ilete nondo, mwingine anauliza nani kasema iachwe. Na Twiga ni mtoto wa kulelewa vizuri, ndilo kosa letu. Tulimfundisha kuitika kila mkubwa anayeita. Akawa anawaitika wote.

Siku hiyo mzigo wa nondo ulikuwa hewani. Mmoja akasema shusha, mwingine akasema pandisha, naye akajaribu kuwaridhisha wote wawili kwa mpigo. Nondo zikaanza kubembea kama mtoto aliyesahauliwa kwenye pembea, zikapita juu ya vichwa vya mafundi, watu wakalala kifudifudi kwenye vumbi. Hakuna aliyeguswa. Twiga alizituliza, akaziweka chini polepole, akashuka, akaja nyumbani. Kesho yake alifika kwenye ngazi ya kreni, akashika chuma, miguu ikakataa. Keshokutwa ikamkatalia getini.

Ikafika mahali hata kikombe cha chai hakishikiki, kijiko kinalia ndani yake kama kengele ya shule. Simu ya jirani ikiita, yeye huku anaruka. Daktari alimsikiliza, akasema ni msongo wa kazi, akampa mapumziko, kisha akamkabidhi kwa mwanamke mmoja mfupi, mpole, ambaye kazi yake ni kuwarudisha kazini watu walioelemewa. Sisi tulimwita Mshauri. Chapuchapu naye akatuma salamu zake: jengo linakaribia paa, na likifika paa Twiga hajapanda, kiti kitakaliwa na dereva mwingine. Kwa lugha nyepesi, unga utamwagika.

Nilimwambia mpwa wangu kazi zipo nyingi duniani. Alinitazama kama nimemtukania mama.

"Mjomba, chini hapa mimi sijui kuishi," alisema. "Nagonga kila kitu."

Basi ukoo ukaamua kumponya. Dada yangu alimlisha kama anayesafirishwa. Shangazi yake, dada wa baba yake, alihamia na begi na chupa ya mafuta, akawa anamkanda mabega huku akimsomea makosa yake tangu darasa la kwanza. Mume wa Twiga, ambaye ni mwoka mikate, alirudi na unga kwenye nyusi na kumnong'oneza kwamba aache kreni waoke wote. Jirani alipita kila asubuhi kutoa mifano ya watu waliowahi kupatwa na hali hiyo hiyo, na wote kwenye mifano yake walikufa. Mimi sikukubali kuachwa nyuma. Nilimwambia apige moyo konde apande tu, maana mimi niliwahi kumwona mtu aliyeogopa ngazi akapanda kwa hasira mpaka ngazi ikaisha na yeye bado anapanda.

Mshauri alikuja kututembelea tukiwa tumejaa hivyo sebuleni. Alimuuliza Twiga analala vipi. Shangazi akajibu. Akamuuliza anakula. Dada yangu akajibu, kwa fahari. Akamuuliza kama ameanza kutoka nje, mumewe akasema bado, jirani akasema ni hatari, mimi nikaanza kisa cha ngazi. Mshauri hakukasirika. Aliinua kiganja chake kidogo, akangoja mpaka tukaishiwa pumzi, kisha akamuuliza Twiga swali moja: akiifikiria ile ngazi, anasikia nini?

Twiga alitutazama sote, mmoja mmoja.

"Nasikia hivi," alisema, akatuonyesha sebule nzima kwa mkono.

Dada yangu akatazama miguu yake. Manahodha wengi chombo huenda mrama, wahenga walisema, na hao hawakuwahi kuiona kreni, wala familia yetu.

Siku hiyo hiyo tukaweka sheria. Jambo lolote la Twiga lingesemwa na mtu mmoja tu, mumewe, na mwenye neno amwendee mumewe kwanza. Wengine, tukibanwa sana, tungetumia ishara za kreni, ambazo nilijitolea kuwafundisha. Shangazi alinuna kwanza. Halafu akahamishia maneno yake yote mikononi, na alivyokuwa na mengi, tukazima feni kwa kuwa upepo ulitosha.

Mchana mmoja dada yangu anatoka jikoni na sufuria ya supu ya moto, anauliza kwa macho aiweke wapi. Shangazi akainua kidole juu na kukizungusha, kwa nguvu zote za mwenye neno lake. Alikusudia kusema iweke chini hapa. Lakini kidole kinachozunguka kuelekea juu ni pandisha, na dada yangu, mwanafunzi mtiifu, akapandisha. Akapandisha mpaka kwapani pakaonekana. Shangazi akaona haelewi, akazungusha kwa kasi zaidi, dada yangu akasimama kwenye ncha za vidole, sufuria iko juu ya kichwa, mvuke unamtoka kama garimoshi, na macho yanauliza bado?

Twiga alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na tangu aanze kuumwa hatukuwa tumekisikia kicheko hicho. Kisha akasimama katikati ya chumba.

"Shangazi, utamuua mama yangu. Shusha ni hivi."

Akaelekeza kidole chini, akakizungusha pole pole, na dada yangu akashuka pamoja na supu. Akaonyesha simama: mkono umenyooka, kiganja kimetazama sakafu. Nikauangalia ule mkono. Ulikuwa umetulia kama rafu ya ukutani. Nikamtazama Mshauri, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja, na yeye alikuwa ameshauona kabla yangu. Akamuuliza Twiga taratibu, huko juu akiwa na ishara tu bila redio, ingekuwaje? Twiga akasema ingekuwa kama kuzungumza na mtu mmoja aliyemtazama usoni.

Kutoka hapo Mshauri akatengeneza mpango. Twiga angerudi kwa vipande: kwanza getini, kisha chini ya ngazi, kisha nusu yake, kisha juu bila mzigo. Angeanza na zamu fupi na kushuka saa sita mchana, hata akijisikia kuendelea. Na kreni ingerudi kwenye mkono mmoja. Mimi niliona ni mwendo wa kinyonga, nikasema hivyo. Mshauri akanijibu kwamba visa vyangu vimemrudishia mgonjwa kicheko, na kicheko ni dawa, ila nisijaribu kumpandisha mtu ngazi kwa maneno. Dada yangu analisherehekea jibu hilo mpaka leo.

Tukaenda kumwona Chapuchapu kwenye ofisi yake, kontena la chuma lenye meza na birika, katikati ya kelele za misumeno. Wasimamizi wake walikuwapo. Mshauri aliongea vizuri, na meneja alikubali haraka kama kawaida yake: zamu fupi sawa, kupanda kidogo kidogo sawa. Kwenye redio akagoma. Alisema kila msimamizi ana kazi yake na kila mmoja ana haki ya kusikika, na kama dereva hawezi kusikiliza watu wachache atafute kazi ya maktaba. Twiga alikuwa kando ya mlango. Niliona anarudi hatua moja nyuma kuelekea nje.

Nikaomba chai. Mzee akiomba chai hanyimwi. Nikamwambia meneja kwa heshima zote kwamba ningependa animiminie mwenyewe, ila afumbe macho, na kwa kuwa kila mmoja ana haki ya kusikika, wasimamizi wake wamwelekeze. Mshauri alinikanyaga mguu. Halafu nadhani akaelewa, akauondoa.

Chapuchapu ni mtu wa mashindano, akafumba macho papo hapo, birika mkononi. Wa nondo akasema kushoto, wa zege akasema sogea mbele, wa mbao akasema inua inua, wa stoo akasema mimina sasa ndugu chai inapoa. Akamimina. Kikombe kilikuwa kilometa mbili kutoka pale. Chai iliingia kwenye droo, ikapita, ikamkuta kwenye kiatu, na alivyoruka aligonga dari la kontena mpaka leo lina nundu, nendeni mkaitazame.

Wasimamizi wakauma midomo. Mshauri kwa utulivu wake akamwambia arudie, safari hii aelekezwe na mmoja. Akamwita kutoka nje mwanamke wa makamo aliyekuwa akielekeza malori getini, ambaye huvaa glavu za rangi ya chungwa kazini, harusini na msibani, na kwa hiyo anaitwa Glavu. Kabla ya redio yeye ndiye aliyekuwa mpiga ishara wa jengo lile. Glavu alisema maneno machache kwa sauti ya kawaida, na kikombe kikajaa mpaka ukingoni bila tone nje.

Chapuchapu alifumbua macho akakitazama kile kikombe. Alianza kucheka mwenyewe, huku anakung'uta kiatu. Lakini meneja ni meneja. Akasema atajaribu asubuhi moja tu: siku ya kupandisha tangi kubwa la maji juu ya paa. Likifika salama bila redio, mkono mmoja unabaki. Likishindikana, redio zinarudi, na kiti kinapata mtu mwingine.

Siku zilizofuata Twiga alipanda kama Mshauri alivyopanga. Alifika getini, akaongea na mlinzi, akarudi nyumbani. Akafika chini ya ngazi, akanywa chai pale na Glavu, kijiko kikilia kidogo. Akapanda hadi jukwaa la kwanza, akakaa, akashuka jasho linamtoka. Siku moja alipanda akakwama, akashuka analia, na Mshauri akamwambia siku ya kurudi nyuma nayo ni siku ya kazi. Nilitamani sana kusema kitu. Nilienda kwa mumewe nikamwambia, akasema atafikisha, na nadhani hakufikisha. Hatimaye Twiga alifika juu, akakaa kwenye kiti chake, akaigeuza kreni tupu huku na huku bila mzigo. Aliposhuka alikuwa amejigonga kichwa mlangoni na anatabasamu.

Asubuhi ya tangi tulikwenda sote. Mimi nilipewa kofia ngumu na amri ya kukaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mbali. Mafundi walisimamisha kazi, wengine wamekaa kwenye madirisha yasiyo na vioo. Lile tangi, nisitie chumvi, lilikuwa kubwa kiasi kwamba mbele lilikuwa na kivuli na nyuma lilikuwa na hali yake ya hewa. Twiga alimpa mumewe begi lake, akamkumbatia mama yake, akapanda. Tulimwona akipungua, akipungua, mpaka akabaki kitone cha bluu nyuma ya kioo.

Glavu alisimama pale ambapo angeonekana, akainua kidole, akakizungusha. Waya ukakaza. Tangi likaachana na ardhi.

Lilikwenda juu taratibu, likapita ghorofa ya kwanza, likapita za katikati, mafundi wakiligeuzia shingo. Lilipokaribia paa upepo ukalishika ubavuni. Likaanza kujizungusha, kwanza polepole, kisha likaelekea kwenye nguzo za kona. Glavu akanyoosha mkono wa kushoto kuomba lizungushwe upande wake. Na hapo hapo Chapuchapu akashindwa kujizuia. Akakimbilia katikati ya uwanja, mikono yote miwili hewani, anasukuma, anavuta, anaonyesha kulia, anaruka kama mtu aliyekanyaga siafu.

Tangi likasimama.

Likaning'inia pale, juu ya vichwa vyetu, halipandi wala halishuki. Dada yangu alinishika mkono, kucha zikaingia. Nilijua anachofikiria kwa sababu ndicho nilichokuwa nafikiria. Juu kule kuna mtoto aliyelelewa kuitika kila mkubwa anayeita, na sasa wanamwita wawili, na mmoja wao ameshika kazi yake mkononi. Nilitaka kusimama nipige kelele. Mshauri alikuwa karibu yangu, akaweka kiganja chake begani mwangu, na mimi nikabaki kwenye ndoo.

Glavu hakubishana. Alishusha mikono yake, akaikunja kifuani, akamtazama meneja.

Chapuchapu akaendelea kupunga. Kulia, kulia, juu, haraka. Kreni haikumjibu. Akapunga kwa nguvu zaidi. Kreni haikumjibu. Uwanja mzima ukawa unamtazama mtu mmoja anagombana na hewa.

Ndipo honi ya kreni ikalia mara moja, fupi, kama mtu anayebisha hodi.

Chapuchapu akaganda. Akatazama juu kwenye kile kitone cha bluu, kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote. Kisha akashusha mkono mmoja, akashusha wa pili, akaiingiza yote mifukoni.

Glavu akakunjua mikono. Kushoto kidogo. Kreni ikaenda kushoto kidogo, kwa upole wa mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Tangi likatulia, likaacha kujizungusha. Kidole juu, likapanda na kuvuka ukingo wa paa. Kidole chini, pole pole, pole pole zaidi, mpaka mafundi wa juu wakaligusa kwa viganja, wakaliongoza, likakaa juu ya nguzo zake bila hata kutoa mlio. Mkono ukanyooka, kiganja chini. Simama.

Kelele zilizolipuka pale ziliwatoa njiwa wa mji jirani. Mafundi waligonga nondo kwa nyundo, shangazi akapiga vigelegele mpaka msumeno mmoja ukajizima kwa aibu, mume wa Twiga akalia na kugeuza unga wa nyusi kuwa donge. Mimi sikulia. Vumbi la saruji ni vumbi baya.

Saa sita Twiga alishuka kama mpango ulivyosema, kwa miguu yake, hatua kwa hatua, akimjibu kila aliyemshangilia kwa kutikisa kichwa tu. Mama yake alimpa maji, akayanywa yote, na kikombe hakikutoa sauti. Nilimuuliza pale tangi liliposimama alikuwa katika hali gani. Alisema moyo ulikuwa unapiga hadi kwenye meno, na mkono wake ulitaka kwenda kulia kumridhisha bosi. Akauambia mkono huo ungoje. Ukangoja.

Chapuchapu alikuja, hatua za mtu asiyezoea kutembea taratibu. Alimpa hongera, akasema redio zimekwisha kukusanywa, akasema hajawahi kuona mzigo ukitua namna ile. Halafu tabia ikamzidi. Akaanza kueleza kwamba kesho asubuhi kuna mabati, lakini kabla ya mabati kuna nondo za ngazi, ila zege nalo likiwahi...

Twiga aliinama kidogo, kwa heshima, ili wawe macho kwa macho.

"Usiniambie mimi, bosi," alisema. "Mwambie Glavu."

Meneja akageuka, mikono bado iko mifukoni, akaenda getini kumtafuta Glavu.